Kiungo cha Mwisho

Mjomba alikuwa amelaza kiganja juu ya kiungo cha mkanda wa kubebea kokoto, macho kayafumba, utadhani anampima mtoto homa. Mkanda ulikuwa umezunguka nusu saa na mzigo wake, kisha ukasimamishwa ukaguliwe. Mpwa wake, binti aliyemlea na kumsomesha mwenyewe, alisubiri kando na kamera ya joto, ile inayoonyesha kwa wekundu palipopata moto kwa kasoro.

"Kiko salama," mjomba alisema, akaondoa mkono. "Haya, na hicho kidubwasha chako nacho kiseme."

Siku ya Ijumaa mjomba alikuwa anastaafu. Kwa miaka thelathini aliunga mikanda pale machimboni, na hakuna kiungo chake kilichowahi kufumuka. Hiki kilikuwa cha mwisho. Binti akaelekeza kamera, roho mkononi. Lahaula! Doa jekundu, kubwa, ukingoni mwa kiungo.

Akatazama vizuri, akaangua kicheko. Doa lilikuwa na vidole vitano.

"Mjomba! Umeniachia joto la mkono wako! Nusura nizimie!"

"Ala! Hata mkono wangu siku hizi ni kasoro?"

Walicheka mpaka mjomba akashika mbavu. Kwenye kioo cha kamera, kiganja kikaanza kufifia, kidole baada ya kidole. Pale penye gumba hapakufifia. Palibaki doa dogo, jekundu vilevile.

Binti akaacha kucheka. Chini ya mkanda ule wapakiaji walipita kutwa nzima. Lakini uongo ulikuwa tayari mdomoni: ni mkono wako tu, mjomba. Alimpenda mno mzee huyu, jamani. Kumuaga hivi, siku tatu tu zimebaki?

"Haya, kinasemaje?" mjomba aliuliza.

"Mjomba..." "Hapa ukingoni, mpira wa mkanda umeachia kwa ndani."

Mjomba alikitazama kioo. Akabonyeza mahali pale, akabonyeza tena.

"Nilipagusa hapa," alisema taratibu. "Nikapaona sawa."

"Najua."

"Ungeweza kuninyamazia."

"Nilitaka," binti alisema, machozi yakimlengalenga.

Mjomba akainama kwenye reli ya ngazi, akawapigia kelele wapakiaji wa chini.

"Msiwashe! Kiungo changu kibovu! Mpwa wangu amekikataa!"

Akarudia kwa sauti kubwa zaidi, ili na wale wa mbali wasikie.