Rudisha Nyuma

Mwanamke alianguka kutoka ghorofani na hakuna aliyemdaka.

Kwenye kanda ya zamani alidakwa. Sote tuliijua ile kanda, kule kwenye kibanda cha video cha Joram, karibu na kambi yetu ya wachuma chai, nje kidogo ya Kericho. Mwewe, shujaa wa filamu, alishuka kutoka mawinguni na joho lake jekundu, akamdaka yule mwanamke, mwandishi wa habari, wakacheka wote wawili, na mabati yakatetemeka kwa makofi yetu. Jumapili ile, mwaka wa tisini na saba, Joram alileta kanda mpya ya Mwewe yuleyule. Joho lilikuwa jeusi. Mvua haikukatika. Mwandishi alisukumwa na mtu aliyemjua, akaanguka, akasema kitu, akafa, na filamu hata haijashika moto. Alikufa ili Mwewe apate kukasirika.

Kizungu sikujua. Niliacha shule darasa la sita mama alipofariki, nikapewa kikapu cha kuchumia chai. Maneno yote ya filamu tuliyapata kwa Joram, aliyesimama kando ya televisheni na kututafsiria.

"Huyu alijitakia," alisema. "Alikuwa anaringa, kama Caren wa hapa kambini!"

Watu walicheka. Aliyecheka zaidi ni Kiplangat, nyapara wetu, kwenye benchi la mbele, miguu ameinyoosha.

Caren ni dada yangu. Mwezi mmoja kabla ya hapo, Kiplangat alimfuata kwenye mistari ya juu ya michai, kwenye ukungu, na alipomkataa akamvunja mkono. Caren alishuka akilitaja jina la Kiplangat mbele ya watu, pale pa kupimia majani. Jioni wote walikuwa wanasema aliteleza. Alirudi kutoka hospitali ya Kapkatet na plasta, na tangu hapo tukilitaja jina hilo tulifunga mlango kwanza.

Mimi sikuwa mtu wa kuongea. Hata kanisani nilikuwa nikiimba kwa midomo tu. Lakini miguu yangu ilisimama.

"Baba Gathoni," nilimwita Joram, "huyo mama amesema nini?"

"Nani huyo? Kaa chini, unaziba!"

"Wueh! Leo bubu ameongea!"

"Hajasema kitu," Joram akajibu.

"Mdomo wake umesonga. Nimeona. Rudisha nyuma."

"Chemutai." Hiyo ilikuwa sauti ya Kiplangat, ya upole, ile anayotumia kabla ya kukunyima kazi. "Keti, mtoto mzuri."

Hasira ilinipanda hadi nikaona picha ikicheza kama maji. Nilipita kati ya magoti ya watu hadi mbele. "Rudisha. Wewe ndiye unajua Kizungu. Tuambie alichosema, si unachotaka wewe."

Mwanamke mmoja nyuma akasema, "Si umrudishie tu, Joram." Mwingine akaitikia. Joram alifuta jasho na kubonyeza deki ya video. Mwandishi akapanda juu kinyumenyume, akarudi dirishani, akaanguka tena. Midomo ikasonga.

"Amemtaja," Joram akasema. "Amesema jina la aliyemsukuma."

"Na mmesikia?" Niligeukia mabenchi. "Caren pia alimtaja. Mlikuwa pale. Alisema ni Kiplangat, na mimi nasema ni Kiplangat. Huyu hapa."

Hakuna aliyecheka. Kiplangat alivuta miguu yake chini ya benchi.

Niliondoka. Mpaka leo sijui ile filamu iliishaje, wala Mwewe alivunja watu wangapi katika hasira yake. Hasira yangu ilinitosha.

Kesho yake nilifukuzwa kazi. Kiplangat alibaki nyapara hadi alipohamishwa, na mkono wa Caren haukunyooka tena. Sitadanganya kwamba kulikuwa na lingine.

Ila jioni ile ya Jumapili nilipofika nyumbani, Caren alikuwa akimenya viazi kwa shida, sufuria ameibana kwa magoti. Habari ilikuwa imenitangulia.

"Ulimtaja?"

"Nilimtaja."

"Kwa sauti?"

"Kwa sauti."

Aliinuka, akafungua mlango wote hadi ukagonga ukuta, akarudi kukaa.

"Mtaje tena," akasema.