Taa ya Kijani ya Nasrudin

Siku Safiyo alipotoka eda, hakwenda makaburini wala sokoni. Aliitoa mashine ya pumu ya marehemu mumewe chini ya kitanda, akaifunga ndani ya leso, akaenda nayo moja kwa moja kwa Weldon, fundi wa simu pale Bondeni.

Miezi minne na siku kumi alikuwa amekaa ndani akimezeshwa maneno. Wifi yake hakumpa nafasi: stima ilipotea, mashine ikakataa kuwaka, Nasrudin akafa akitafuta hewa, na kwa nini? Kwa sababu mke alisahau kuchaji! Safiyo aliapa mpaka sauti ikamkauka. Taa ya mashine ilikuwa kijani, wallahi, na kijani maana yake imejaa. Nani amsikilize? Ulimi hauna mfupa, na wa wifi yake hata gegedu haukuwa nalo.

"Boss, nataka kujua kitu kimoja tu," alimwambia Weldon. "Nilisahau ama sikusahau?"

Weldon aliichomeka mashine kwenye stima. Taa ikawaka kijani.

"Si unaona!" Safiyo akasema.

Fundi aliifungua, kisha akamgeuzia aone. Mahali pa betri palikuwa patupu.

"Mathe, hii chip ya kuchaji haina akili nyingi. Betri ikijaa haivuti moto tena, basi inawasha kijani. Na kama betri haiko kabisa, hakuna kitu cha kuvuta moto, inawasha kijani vilevile. Hukusahau. Hata ungechaji mwaka mzima, bila betri ni bure."

Alhamdulillahi! Safiyo alilia palepale mbele ya wateja, bila haya. Si yeye. Si yeye! Angemwendea wifi yake na kumwambia mpaka majirani wote wasikie.

"Lakini aliyeitoa ni mtu anajua kazi," Weldon akaongeza. "Skrubu zote amerudisha, na waya amezifunga tepu vizuri."

Machozi yakakatika. Nasrudin alikuwa fundi wa redio maisha yake yote. Na ile taa ya kusomea ya binti yao Umaima, iliyokuwa imekufa kabisa karibu na mitihani, si aliifufua kwa jioni moja tu? Jioni hiyo Safiyo alimuuliza betri ameitoa wapi. "Fundi hakosi kitu," alijibu akicheka, kifua kikimkoroma. Ah, Nasrudin! Safiyo alitamani kumkumbatia, na alitamani kumpiga.

Alirudi jioni, stima imepotea tena. Wifi yake alikuwa ameketi sebuleni na kikombe cha chai. Umaima alikuwa mezani na vitabu vyake, taa ile ikimmulikia.

"Haya, fundi wako amesema nini?" wifi akauliza.

Umaima aliinua kichwa haraka. Katika ukoo mzima, ni yeye peke yake aliyekuwa bado anamwamini mamake.

Safiyo aliitazama taa.

"Betri haina shida," alisema. "Ni mimi. Nilisahau kuchaji."

Wifi akafyonya. Umaima alikusanya vitabu, akachukua taa yake, akaenda chumbani na kufunga mlango.