Meli Itakayochelewa

Mwaka ule mtama ulikauka ukiwa umefika magotini, na watu wa Kinyangiri walipokosa cha kuvuna walianza kutafuta wa kumlaumu. Hawakwenda mbali. Mzee Msengi, mshika mvua wao, alikuwa papo hapo, mguu mmoja umevimba, chungu cha mawe ya mvua ya ukoo wake kimefukiwa nyuma ya nyumba. Mvua iliponyesha walimletea kondoo. Ilipokatika walimwita mchawi. Ndivyo tulivyo binadamu: tukishiba tunasahau, tukiwa na njaa tunakumbuka vibaya.

Mwanangwa Mkumbo, mkuu wa kijiji, aliita watu wakakata shauri. Mvua ya msimu ujao haitaingia nchini maadamu Msengi yumo. Mwezi ukiandama atapelekwa mbuga ya Wembere, aachwe huko. Hakuna aliyetamka neno kuua. Lakini kila mtu alijua kwamba kiangazi Wembere haina maji, na mwenye mguu ule hawezi kutembea kuyatafuta.

Binti yake wa pekee, Felista, alikuwa msaidizi wa Sista Helga kwenye zahanati ya misheni. Alifunga vidonda, alichemsha sindano, na alitafsiri maneno ya wagonjwa waliojua Kinyiramba tu. Alifikiria kwenda Kiomboi kumshtaki Mkumbo kwa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya. Akaona haifai: askari watakuja, watakula kuku, watarudi, na baba yake atakutwa amekufa kwa uji uliotiwa sumu. Alifikiria pia kumwambia Sista. Hilo nalo likamshinda, kwa kuwa misheni ilimtenga na Meza ya Bwana kila aliyegusa mambo ya mvua, na Sista hakuwahi kumficha mchungaji jambo lolote. Basi akawa anafunga vidonda vya watu huku moyo wake uko Wembere.

Siku moja Sista alimwita barazani, uso umemchangamka. Likizo yake ndefu ilikuwa imekaribia, na shangazi yake aliyefariki alimwachia urithi kwa sharti moja, kwamba autumie kujifurahisha. Sista alizaliwa Denmark, nchi tambarare isiyo hata na kilima cha kujivunia, na tangu utoto alitamani kuiona mito ya barafu. Mezani aliweka vitabu viwili vya picha vya kampuni za meli. Meli moja ilikuwa na bomba la moshi jekundu, nyingine jeusi. Alikuwa amevisoma hadi kurasa zimelegea, na bado hakujua achague ipi.

Felista akauliza mto wa barafu ni kitu gani. Sista akamweleza kwamba huko kaskazini mvua imerundikana milimani tangu kale, ikawa jiwe, na jiwe hilo linashuka bondeni mpaka baharini. Akamwonyesha picha. Mto mzima mweupe ulikuwa umesimama chini ya jua kali, na jua halijaufanya kitu.

Felista aliitazama picha ile mpaka macho yakamwasha. Kwa Kinyiramba alikuwa na neno moja tu la mvua iliyogeuka jiwe, nalo lilikuwa lile la vitu vilivyomo ndani ya chungu cha baba yake.

Jioni alimweleza baba yake, baada ya kumwamkia na kumpaka mguu dawa. Mzee akauliza kama ni sawa na mvua ya mawe, ile inayoanguka na kuyeyuka kabla mtoto hajaiokota. Felista akasema sivyo, huu mto ni wa tangu kale na jua linauangazia. Mzee akatikisa kichwa kama mtu anayesikia habari za ndugu aliyepotea. Akasema mvua ya mawe huyeyuka kwa kuwa ni changa, lakini huo mto umekomaa. Mawe yake mwenyewe yalikuwa yamechoka. Kipande kimoja cha mto ule kingeyaamsha.

Mfa maji haachi kutapatapa. Felista alikwenda kwa Mkumbo akapiga magoti, akamweleza kwamba Sista anakwenda kwa mama wa mvua zote, na atarudi na jiwe. Mkumbo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye watoto wenye njaa. Aliwaita wazee wakajadili hadi mate yakawakauka, kisha akatoa neno.

"Tutamngoja Sista," alisema. "Akirudi na jiwe, baba yako atakaa. Akirudi mikono mitupu, usije kunipigia magoti tena."

Tangu hapo Felista alizisoma zile safari kuliko Sista mwenyewe. Bomba Jekundu lilipita mito sita ya barafu katika nchi mbalimbali, lakini abiria waliitazama kutoka melini wakinywa chai. Bomba Jeusi lilikwenda kwenye mto mmoja tu, ila pale watu waliteremshwa kwa mashua wakaukanyaga na kuushika. Sista alilipenda Jekundu, hasa kwa sababu goti lake lilikuwa bovu. Felista akaanza kazi. Kila asubuhi alilikanda goti lile kwa mafuta ya nyonyo, na kila asubuhi alisema maneno yaleyale: mtu hawezi kwenda kwa watu akaishia uani, kutazama si kufika, mito sita ya macho ni nini mbele ya mmoja wa mkono. Wagonjwa nao wakajiunga naye. Bibi mmoja wa Ulemo aliyekuja kung'olewa jino alimsihi Sista, damu bado mdomoni, apande Bomba Jeusi. Sista alicheka, akashangaa jinsi watu hawa walivyoipenda safari yake.

Mwishowe akakubali. Akachukua kalamu amwandikie wakala, na Felista, kwa furaha, akaropoka ombi lake: amletee kipande, hata kidogo cha kutosha kiganjani.

"Mwanangu, kitakuwa maji kabla sijarudi melini," Sista akasema. "Barafu ni maji tu yaliyoshikwa na baridi. Nitakuletea picha."

Felista aliitikia vizuri. Akaenda nyuma ya zahanati, penye pipa la maji, akakaa chini. Aliogopa kuliko siku ile walipokata shauri, kwa sababu siku ile hakuwa na tumaini la kupoteza. Kijiji kizima sasa kilingoja jiwe, na jiwe halikuwepo duniani.

Alilia, akachoka kulia, na akili ikamrudia. Jiwe halipo, lakini Mkumbo hakusema watangoja jiwe. Alisema watamngoja Sista. Bomba Jeusi lingemrudisha kabla ya mvua za mwisho wa mwaka, nchi bado kavu na watu bado wana hasira. Lakini Bomba Jekundu, baada ya mito yake sita, lilimaliza safari Amerika, na Sista ana dada yake huko. Angekaa naye, angerudi baada ya Krismasi. Kufikia hapo mvua, kama Mungu yupo, ingekuwa imenyesha, na nani angeuliza habari za jiwe akiwa shambani anapalilia? Kitu pekee ambacho meli ingeweza kumletea baba yake ni siku.

Alirudi barazani mbio. Bahasha ilikuwa imefungwa. Akamwomba Sista aifungue, abadili, apande Bomba Jekundu.

Sista alikasirika kidogo, na ni haki yake. Alimkumbusha kwamba ni Felista huyuhuyu aliyemchosha kwa Bomba Jeusi. Felista hakuwa na sababu ya kutoa, akatoa machozi. Akasema Sista amefanya kazi miaka mingi, apumzike, amwone dada yake, asiharakishe kurudi kwenye vumbi na njaa hii.

"Nenda, Sista," alisema, amemshika mkono kwa nguvu. "Nenda mbali. Uchelewe."

Sista alimtazama msichana yule, mifupa ya mabega imetokeza chini ya gauni la kazi, akimwombea mwenzake raha. Machozi yakamlengalenga. Alichukua bahasha, akaifungua, na Felista akamshukuru Mungu wa kanisani na wale wa chungu, wote kwa pamoja.

Jumapili iliyofuata kanisa lilijaa. Hata Mkumbo, ambaye si Mkristo, alisimama mlangoni na fimbo yake, kwa kuwa ilisemekana Sista ataaga. Baada ya mahubiri Sista alipanda mbele. Alisema alikuwa amepanga kwenda kutazama barafu kwa raha yake, lakini binti mmoja, bila kujua, alimfundisha aibu. Binti huyo mwenye njaa alimsihi apumzike, aondoke, achelewe. Basi ameona hawezi kuwaacha watu wa moyo kama huo wakati wa shida. Hatakwenda. Urithi wa shangazi utanunua mahindi ya wagonjwa, nayo yatagawanywa hapo zahanati.

"Sitapanda meli yoyote," alisema. "Nitakaa nanyi."

Watu waliokuwa mbele walipiga makofi, maana mahindi ni mahindi. Waliokuwa nyuma hawakupiga. Felista alitaka kusimama, apige kelele, aseme yote, atengwe, afukuzwe kazi, lolote. Alisimama kweli. Sista alimwona, akamtabasamia na kumnyooshea mkono, na kanisa zima likageuka kumwangalia binti aliyefundisha wema. Alipotazama mlangoni, Mkumbo hakuwepo.

Alitoka akakimbia njia ya nyumbani, viatu mkononi. Wazee wetu wanasema wema hauozi. Sawa, hauozi, lakini una wazimu wake, na siku ile Felista angeuuza wema wote wa Sista kwa meli moja ya polepole.

Baba yake alikuwa amekaa nje, amevaa shuka safi, na vijana wa Mkumbo wamesimama kando bila kumwangalia. Punda alikuwa amekwisha kuletwa. Mzee aliitikia shikamoo ya binti yake kwa utulivu, kisha akauliza swali aliloliuliza kila jioni tangu vitabu vile vije: Sista amechagua meli ipi?

"Ile inayochelewa, baba," Felista alisema.

Mzee akashusha pumzi, akawageukia vijana akawaambia wamwache basi, wasubiri. Wakamshika makwapa wakampandisha juu ya punda.