Kipande cha Shangazi

Mpimaji wa vinasaba aliyatazama majibu kwenye kompyuta, akavua miwani, akaifuta kwa koti lake jeupe, akaivaa tena. Majibu yalibaki yaleyale, ukaidi mtupu.

Magunia ya papa mkavu aliyokamatwa nayo Bwana Bashasha, mfanyabiashara wa jumla, yalikuwa safi. Vipande vyote vilikuwa vya papa wa kawaida, anayeruhusiwa kuuzwa. Kilichoharibu shughuli ni kipande cha kulinganishia. Kila anapopima, mpimaji huweka pembeni kipande cha papa asiye na shaka, ajue kama mashine inamwambia kweli. Vya maabara vilikuwa vimekwisha, naye kwa uvivu wake akakata kidogo kwenye papa aliyepewa na shangazi yake. Sasa mashine ilidai kuwa papa wa shangazi ni papa nyundo, anayelindwa na sheria kama mboni ya jicho.

Akarudia. Akabadilisha mirija, akabadilisha glavu, nusura abadilishe kazi. Papa nyundo.

Kukinyamazia kipande kile kulikuwa rahisi, maana hakuna aliyemtuma akipime. Lakini Bwana Bashasha, ambaye shangazi hununua papa kwake, angetoka pale kifua mbele. Na kukisema kulikuwa kumtia matatani mtu aliyemlea na kumsomesha kwa meza ya samaki. Mpimaji alivua koti, akaenda sokoni.

Shangazi alimsikiliza huku akipunga nzi, kisha akacheka. Yeye, anayeuza samaki tangu kaka yake, baba wa mpimaji, ana meno ya utoto, asimjue papa? Pua yake haijawahi kumwangusha. Mpimaji akamweleza polepole kwamba papa akishachunwa, akakatwa na kukaushwa kwa chumvi, pua ya mtu haina la kusema. Kicheko kikakatika. Alikuwa amenunua kwa Bwana Bashasha, mzigo wa kabla ya huu uliokamatwa, kwa maneno ya mdomo tu na bila shahidi.

"Ukisema, litakuwa neno langu na neno lake," shangazi alisema. "Na mwenye samaki mezani ni mimi."

"Najua, shangazi. Ndiyo maana nimeanza kwako."

Shangazi alivuta beseni kutoka chini ya meza. Kisha akamimina humo papa wote waliokuwa mezani, akajitwisha, akashika njia ya maabara bila kuaga majirani. Mpimaji alimfuata roho juu.

Kwenye korido ya maabara, Bwana Bashasha alikuwa ameketi na ofisa wa uvuvi, akingoja magunia yake na kumchekesha ofisa wa watu hadi machozi. Alikuwa na ugonjwa mmoja tu: akimwona mteja, hawezi kunyamaza. Alipomwona shangazi na beseni, akainuka kwa furaha zote.

"Mteja wangu. Wale papa niliokuletea mwezi jana bado tu hawajaisha?"

Ofisa aliacha kucheka. Alimtazama Bwana Bashasha, akalitazama beseni. Shangazi alilitua chini taratibu.

"Bado, mwanangu. Hawa hapa. Mwambie mkubwa huyu uliwatoa wapi."

Kijasho chembamba kikamtoka Bwana Bashasha. Alitafuta kichekesho kingine, hakukipata.

Ndani ya maabara, mpimaji alivaa koti lake tena, akaliweka beseni mezani na kushika kisu. Bidhaa yote ile ilikuwa haitarudi sokoni, na huenda shangazi mwenyewe angetozwa faini. Alimwonea huruma. Shangazi, aliyekatazwa kuingia, alikuwa amesimama mlangoni akimwangalia.

"Kata, mwanangu," alisema. "Sikukusomesha uje unifichie."

Mpimaji akafuta machozi kwa mkono wa koti, akakata.