Kalamu Nyuma ya Pazia

"Mama Brenda, siku kwaya ya mwanao ikiimba mbele yako, utaziba masikio?"

Jirani yangu Mama Ezra aliniuliza hivyo tukiwa kihambani kwangu, chini ya migomba, tunakata majani ya ng'ombe. Alikuwa amesikia kwamba jimbo la kanisa letu la Kilutheri limeniteua kuwa mmoja wa waamuzi watatu wa mashindano ya kwaya. Nikamjibu kwamba masikio nimepewa na Mungu, siwezi kuyaziba, lakini kalamu nimepewa na jimbo, hiyo naweza kuilaza.

"Haya," akasema. "Jumamosi si mbali."

Utaratibu huo wa kulaza kalamu sikuutunga mimi. Waamuzi tunakaa nyuma ya pazia, kwaya zinaingia kwa namba, hakuna kusalimia wala kutaja usharika. Ulianza baada ya manung'uniko mengi, maana sisi wa mlimani tulikuwa tukijipigia makofi wenyewe, na kwaya za tambarare zinarudi mikono mitupu. Mwamuzi akiitambua kwaya, analaza kalamu kimya. Hasemi kwa nini, kwa sababu akisema, wenzake nao watajua. Alama zinatoka kwa wawili waliobaki. Na hakuna namna nyingine. Ukitafuta huku mzee wa kanisa asiye na mtoto kwenye kwaya yoyote, utatafuta mpaka Bwana arudi.

Brenda wangu ni mwalimu wa kwaya ya vijana. Yeye haimbi, anaongoza kwa mikono, na wimbo alikuwa ameutunga mwenyewe. Washindi wangerekodi studio mjini Moshi. Januari anaolewa Singida, kwa hiyo kwake hii ilikuwa nafasi ya mwisho. Wiki nzima hakuniimbia hata mstari, nami sikumwuliza.

Jumamosi nilisali, nikaketi. Kushoto kwangu mchungaji kutoka Mwika, akipima maneno. Kulia Mwalimu Filbert wa Uru, Mkatoliki, akipima sauti. Yeye tulimwomba makusudi, kwa kuwa hana usharika wa kuupendelea. Mimi wa darasa la saba kazi yangu ilikuwa kusikiliza kama wimbo unamfikia mtu aliyeketi kwenye benchi.

Namba mbili waliimba habari za ndugu wawili waliopatana. Ulinifikia, nikawapa alama nzuri.

Namba nne walipoingia sikuwajua. Kinanda kikatoa sauti, kisha kwaya nzima ikaanza kwa kuguna, midomo imefungwa, bila neno lolote.

Ulikuwa mguno wa marehemu Eliudi, mume wangu. Tulikuwa na ng'ombe mkaidi, hatoi maziwa mpaka aimbiwe, na Eliudi alimtungia mguno wake. Haumo kwenye kitabu chochote wala haukuwahi kutoka nje ya zizi letu. Brenda aliuweka pale ili mimi, nyuma ya pazia, nijue.

Niseme kweli, ulikuwa mzuri. Machozi yalinijaa. Lakini sikuweza tena kujua kama ni wimbo ulionifikia au ni marehemu. Nikalaza kalamu.

Mwalimu Filbert akaninong'oneza, "Mama, wino umekwisha?"

"Wino upo, Mwalimu."

Akaelewa, akarudi kwenye karatasi yake.

Ilipotangazwa, namba mbili walikuwa wa kwanza, nao walikuwa wa Mabogini, kule tambarare kwenye mashamba ya mpunga. Namba nne wakawa wa pili. Kijana mmoja wa kwetu akasema nje ya dirisha, "Leo wa mpunga wametukoboa," wenzake wakacheka kwa shingo upande.

Brenda akanikuta peke yangu kwenye chumba cha wazee, bado amevaa joho.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba."

"Ulitusikia?"

"Niliwasikia."

"Ukatupa ngapi?"

"Sikuwapa. Nililaza kalamu."

Akaegemea mlango. "Kwa hiyo tungeanza kama kwaya nyingine, ungeandika."

"Ningeandika. Labda ningewapa nyingi kuliko wote. Sasa siwezi kujua, na wewe huwezi."

"Wenzangu hawana kosa, Mama. Walidhani ni mwanzo wa wimbo tu."

"Najua. Hilo utawaeleza wewe, si mimi."

"Baba angeandika."

"Baba yako alimwimbia ng'ombe, Brenda, hakumwimbia mwamuzi. Na pale mbele walisimama watoto wa wanawake wengine. Mama zao hawakuwa nyuma ya pazia."

Alinitazama. Sikushusha macho. Nilikuwa na uhakika, na nilitaka auone.

Akavua joho, akalikunja vizuri, akaliweka mezani. Kisha akafungua mlango, akatoka, akashuka ngazi kuelekea walipokuwa wenzake.