Mawe ya Tasi

...sugua basi, sugua mpaka yang'ae, si ndivyo alivyoagiza shemeji, mkono umezama kwenye tangi la samaki hadi kwapani, brashi juu ya jiwe, na upande wa pili wa kioo shemeji huyohuyo, meneja mzima, anawahubiria wageni, "Huyu anaitwa tasi, jamani, mkali kwelikweli, anakula nyama!"... nyama ya nani, mwongo mkubwa wewe, si uutazame mdomo wenyewe, mdogo kama wa sungura, wa kuguguna mwani kwenye miamba, ndiyo kazi yake kutwa huko baharini, na miiba hiyo ya mgongoni na tumboni si ya kuwindia, ni ya kujihami, ina sumu, yeye anayesugua anaijua, ilimchoma kidole gumba akalia siku nzima na bado akaona samaki ana haki yake... lakini shemeji! umwambie anakula majani, atakujibu wageni hawaji hapa kuona mbuzi, atamwaga vipande vya dagaa vikaozee chini, na ukijani wa mwani ukianza tu kuota kwenye mawe, ah, uchafu huo, toa... chakula chenyewe ndicho kinachotolewa, mjinga we! walikuwa watano, wa kijivu wenye madoa meupe kama walionyunyiziwa unga, leo amebaki huyu mmoja, na dada kwenye simu, "Mdogo wangu, funga mdomo, kazi kakupa yeye, usije ukanivunjia nyumba," haya, amefunga, mwenye nguvu mpishe, kampisha miezi sita... "Mbona amekonda hivi?" mama mmoja mwenye miwani anauliza, na shemeji anacheka, "Ndivyo alivyoumbwa, mama"... alivyoumbwa! Mungu naye kasingiziwa, muuaji mkubwa shemeji huyu, kawamaliza wanne kwa mkono wake na bado anacheka... kwa mkono wake? mkono wa shemeji haujawahi hata kulowa, saa ile kwenye kifundo haijaingia tone la maji, kila asubuhi aliyeinama hapa ni nani, aliyejua ukijani huu ni chakula ni nani, shemeji hajui kitu, anayejua ni yeye, na akasugua, wanne, mmoja baada ya mwingine... shemeji bado anacheka, mama bado anangoja jibu la maana, tasi anapita taratibu kwenye jiwe tupu, analigusa kwa mdomo, hakuna kitu, anahamia jingine, na maneno yenyewe yamekwisha kujipanga kooni, hayana matusi hata moja: mama, huyu ana njaa, na mimi ndiye ninayemnyima.