Kuku wa Seva

Kila mara seva ilipoanguka, fundi Hesbon Khaemba alikula kuku, na mwaka ule wa 2006 seva ilianguka mara nyingi mno. Seva yenyewe ilikuwa kompyuta iliyofungiwa chumba cha nyuma cha ofisi moja ya ghorofani mjini Kitale, na ndani yake zilikaa tovuti za wateja: shule, makanisa, vyama vya wakulima, thelathini na moja kwa jumla. Mkurugenzi, Wamboi, mwanamke wa Kibomet asiye na makuu, alikuwa ameanzisha desturi hiyo kwa nia njema. Wahuni wa mtandao wakivamia tovuti, na Hesbon akiirudisha hewani, mchana anaagizwa kuku wa kienyeji na ugali, ofisi nzima inakula, na firigisi anapewa Hesbon. Kwa watu wa kwao Bokoli, firigisi hapewi mtu hivi hivi.

Basi kichwa kilimvimba! Ungemwona siku ya uvamizi: mikono ya shati imekunjwa, miwani imepandishwa kwenye paji la uso, hataki kusemeshwa. Nusu saa tu, tovuti imerudi. "Huyu mzee ni moto," vijana wa ofisi walisema, naye alijitia hasikii huku masikio yamesimama.

Lakini nusu saa ile ilikuwa na siri. Hesbon alimaliza haraka kwa sababu alijua walikopitia. Mwaka wa 2003 aliandika kwa mkono wake ukurasa mdogo wa kupokea picha, ili mteja aweke picha za harusi au za ng'ombe wake bila kumsumbua fundi. Ukurasa huo ulipaswa kukataa chochote kisicho picha. Haukukataa kitu. Mhuni alituma faili yenye amri ndani yake, seva ikaipokea kama mgeni wa heshima, na kutoka hapo akafanya alivyotaka. Hesbon alikuwa akiifuta faili hiyo, anarudisha nakala ya akiba ya tovuti, basi. Kuuziba mwanya wenyewe kulimaanisha kuugusa ukurasa ule kwenye tovuti zote thelathini na moja, na hilo halifanyiki kimyakimya. Lazima mtu angeuliza umeandikwa na nani. Swali hilo alilikimbia miaka mitatu.

Januari aliajiriwa Nyaruai, binti wa wakulima waliohamia Trans-Nzoia kutoka Nyeri, aangalie mambo ya usalama. Hakuwa mpenda maneno. Alinunua daftari, akachimbua kumbukumbu za nyuma, na kila uvamizi akauandikia siku, tovuti, na njia iliyotumika. Mwishoni mwa Machi, kuku akiwa mezani, alisema:

"Mzee, hii ni mara ya tisa. Na mara zote tisa wamepitia kwa ukurasa wa picha."

"Wahuni ni wahuni, Nyaruai. Leo hapa, kesho pale."

"Lakini si pale, ni hapa tu. Mimi naona tukirudisha tovuti bado hatujamaliza kazi. Si tuulize kwanza mbona wamerudi, alafu tuzibe kwa zote, si ile imevamiwa peke yake?"

"Kula kuku, mama. Inapoa."

Watu walicheka. Nyaruai hakucheka, ila alikula.

Kuku wa siku hiyo alikuwa wa tovuti ya chama cha wakulima wa Myanga, huko Bungoma. Uvamizi ulitokea Jumanne. Hesbon, katika mbio zake za kuonekana, alirudisha nakala ya Jumapili bila kumpigia mteja simu kumuuliza kama Jumatatu aliongeza kitu. Na kweli alikuwa ameongeza. Agneta Nabwile, katibu wa chama, alikuwa ameweka ilani kwamba sokoni kuna mbegu bandia za mahindi, pakiti zisizo na muhuri, watu wasinunue. Vijana wa cyber, kibanda cha intaneti cha pale Myanga, walizoea kuchapisha matangazo ya chama kila Jumatano na kuyabandika kwenye milango ya posho mill, vinu vya kusagia unga. Jumatano hiyo walichapisha yaliyokuwepo, na ilani haikuwepo.

Hakuna aliyejua mpaka katikati ya Aprili, Agneta alipopiga simu kuuliza tangazo lake lilienda wapi. Wamboi alimwita Hesbon.

"Nenda Myanga uongee naye. Wewe wanakuheshimu. Mwambie ni wahuni."

Haukuwa uongo, na hilo ndilo lililomkosesha raha njia nzima.

Agneta alimpokea kwenye chumba cha chama, nyuma ya duka lake. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye sauti ya kuongoza kwaya. Hesbon alikuja amejiandaa kufokewa. Badala yake alimiminiwa chai.

"Kunywa kwanza, fundi. Wale wezi wametusumbua, lakini nimewaambia watu, bahati tuko na Hesbon. Wakija, anawafukuza. Asante sana, bana."

Hesbon aliweka kikombe mezani. Akaomba aonyeshwe shamba.

Mashamba hayakuwa mbali. Upande mmoja wa njia mahindi yalikuwa yamepita vifundo vya miguu, yamekoza kijani. Upande wa pili mistari ilikuwa mitupu, mmea mmoja hapa, mwingine kule, na mzee Mukhisa alikuwa ameinama na jembe anafukua upya ardhi aliyokwisha kuilima. Aliwapungia mkono akaendelea na kazi.

"Walionunua hiyo mbegu bandia wako kumi na wawili hivi," Agneta alisema. "Mbegu ya pili tumetafuta kwa shida. Mvua ikiwangojea, watavuna kitu. Isipowangojea, sijui."

Hapo Hesbon alitamani mno kusema wahuni. Neno lilikuwa tayari mdomoni, na mama huyu angelimeza na kumshukuru tena. Aliona aibu kuliko alivyowahi kuona maishani mwake. Akapiga moyo konde.

"Mama, huo mlango wanaoingilia ni wangu. Niliutengeneza mimi na nikakosea. Nimejua tangu mwaka wa kwanza. Kila mara niliwatoa tu na kuuacha wazi, kwa sababu sikutaka ijulikane ni mimi. Na ile tangazo yako niliifuta mimi nikirudisha za zamani. Sikukuuliza."

Agneta hakupandisha sauti, na ingekuwa afadhali angeipandisha.

"Sasa hizo asante zetu zote, Hesbon, ulikuwa unazipeleka wapi?"

Walirudi dukani, na chai iliyobaki hakuna aliyeinywa.

Kesho yake, Kitale, alimwaga yote mbele ya ofisi nzima, Nyaruai akiwemo, akingoja kuambiwa akusanye vitu vyake. Vijana waliangalia sakafu. Wamboi alikuwa akizungusha kalamu.

"Na mimi nilikuwa nakununulia kuku," alisema. "Mara tisa! Sikuuliza hata siku moja." Kisha akamgeukia Nyaruai. "Leta hiyo daftari."

Tangu siku hiyo kazi ilibadilika. Tovuti ikirudi hewani, jambo halikupigwa mstari daftarini mpaka ijulikane mhuni aliingiaje, na mpaka mwanya huohuo utafutwe kwenye tovuti zote, iliyovamiwa na isiyovamiwa. Nakala haikurudishwa kabla mteja hajapigiwa simu. Hesbon na Nyaruai walikaa bega kwa bega wiki mbili wakiziba ukurasa wa picha, tovuti moja baada ya nyingine, na juu ya kila ukurasa wa daftari Hesbon aliandika jina lake kama mwenye kosa. Mara ya kwanza aliliandika kwa herufi ndogo. Kufikia ya thelathini na moja alikuwa akipiga mluzi.

Kisha kukawa kimya. Mei ikapita, seva haikuanguka, na kuku hawakuagizwa. Hakuna aliyesema tena mzee ni moto. Mteja mmoja mgeni alimuuliza Wamboi yule baba wa miwani hufanya kazi gani, maana kila akija anamkuta amekaa tu. Hesbon alisikia, ikamuuma kidogo, hakuna haja ya kuficha.

Asubuhi moja ya Juni Nyaruai alimwita kwenye skrini. Usiku uliopita mtu alikuwa amebisha kwenye ukurasa wa picha wa tovuti ya Myanga mara mia nne na kitu. Mara zote amekataliwa. Hesbon alisoma mistari yote, polepole, kama anayesoma barua. Halafu akachukua simu.

"Mama Agneta, ni Hesbon. Jana walikuja."

"Wale? Wakafanya nini?"

"Hawakuingia."

Upande wa pili palikuwa na upepo na kishindo cha jembe.

"Kwa hivyo umenipigia kuniambia ati hakuna kitu imefanyika?"

"Ndiyo, mama."

Jembe lilinyamaza kidogo. "Haya. Mukhisa naye mahindi yake imefika magoti," alisema. "Sasa niache nipalilie, jua inapanda."

Akakata. Hesbon alirudisha simu mahali pake. Ofisini hakuna aliyemuuliza alikuwa akiongea na nani, naye akavuta kiti akaendelea na kazi, amefurahi.